Mpaka Basi Likate Kona

Siku yangu ya mwisho kazini makumbushoni nilipewa keki, kadi yenye picha ya ndege ambayo hatunayo, na hotuba iliyosema kwamba mimi ni sehemu ya familia. Hotuba ilipoisha familia ikarudi kwenye kompyuta zake. Sina kinyongo, keki ilikuwa nzuri. Nawaandikia nyinyi wawili, Njeri na Espoir, mliochukua zamu zangu kwenye vipindi vya shule, kwa sababu mliniomba niwaeleze kazi hii kwa lugha tunayoongea tukiwa wenyewe kwa wenyewe. Mwongozo rasmi mnao, una kurasa nyingi na rangi tatu. Haya ni yale ambayo hayakuingia humo, au yaliingia yakavalishwa suti.

Nilifundisha historia Machakos nusu ya maisha yangu kabla ya kumfuata binti yangu Sydney. Hapa vyeti vyangu vilisomwa kwa heshima kubwa, kisha nikapelekwa kutunza wazee kule Westmead. Wazee nao wana historia, ila hawana kengele ya kumaliza kipindi. Kwa hiyo nilipoona makumbusho ya ndege yanatafuta mtu wa kuwafundisha historia watoto wa shule za msingi, niliomba. Kwenye usaili waliniuliza nina ujuzi gani wa ndege. Nikawajibu kwamba nimewahi kupanda moja na ikatua salama. Walicheka, wakaniandika kazi, na mpaka leo sijui kama walidhani nilikuwa natania.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Len. Alikuwa fundi wa ndege aliyestaafu, akijitolea pale kama wazee wengi mnaowaona na ovaroli zao. Mrefu, masikio makubwa, na sweta ya sufu aliyoivaa hata Januari watu wengine wakiyeyuka. Wenyeji wa hapa huitana majina matupu, hata mjukuu na babu yake. Mimi ulimi uligoma, nikamwita Mzee Len, naye akaitika bila kuuliza sababu. Alinipeleka chini ya bawa la ile ndege yetu kubwa ya abiria ya zamani, akanipa ndoo iliyojaa ribiti, vile vijipini vinavyoshikanisha mabati ya ndege, akasema hilo ndilo somo lenyewe. Mpe mtoto kitu mkononi kabla hujafungua mdomo. Mtoto aliyeshika ribiti anakusikiliza. Asiyeshika kitu atatafuta cha kushika, na kwenye makumbusho kila cha kushika kina bei.

Kipindi chenyewe mnakijua. Watoto wanapewa tiketi za karatasi ngumu, wanapanda ngazi, wanakaa kwenye viti vinavyonuka vumbi, Mzee Len anatoa mngurumo wa injini kwa mdomo, nami nawasimulia enzi ambazo safari ya Sydney hadi London ilichukua siku nyingi na abiria walishuka njiani kulala. Maandishi niliyoyakuta yalijaa wanaume waliovaa miwani ya upepo na kutazama mbali. Nikachomeka maswali yangu. Nani aliyafua yale mashuka ya kulalia? Pale ndege ilipotua jangwani, nani alibeba mafuta kwa madebe? Mnajua tayari kwamba watoto hugombania kuwa mbeba debe kuliko kuwa rubani, maana rubani kazi yake ni kukaa.

Kuhusu kesi ngumu, watu huniuliza juu ya watoto watundu. Watundu si tatizo. Tatizo ni choo cha ile ndege, ambacho ni kizuri, kina kioo, na hakijaunganishwa na bomba lolote duniani. Kila muhula alipatikana mtoto mmoja aliyekiamini. Kifungeni kwa ufunguo, na ufunguo msiuache mlangoni kama nilivyouacha mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lililotaka kuniondoa kazini. Kipindi changu cha kwanza kilipoisha, niliwatoa watoto mlangoni, nikatembea nao ile njia ya kokoto kupita mabanda yote mawili mpaka maegeshoni, nikasimama nikipunga mkono hadi basi lao likakata kona. Sikufikiri chochote. Mgeni kaja kwako, mgeni anaondoka, unamsindikiza. Niliporudi ndani nikakuta wenzangu wakinisubiri. Mmoja akaniuliza taratibu ni kitu gani kimeibwa.

Nikawaeleza, wakaelewa nusu. Hapa mtu huagwa mlangoni, na mlango ukafungwa kabla hajafika kwenye gari, wala si ubaya, ndivyo walivyolelewa. Lakini niliendelea, na baada ya majuma machache Mzee Len akaanza kutembea nasi, ndoo yake mkononi, kwa sababu aligundua nilichokigundua. Ndani ya ndege watoto huuliza maswali waliyoandikiwa na mwalimu. Kwenye kokoto huuliza yao. Huko ndiko mtoto aliniuliza kama watu waliokuwa chini walijua ndege inapita juu yao, na mwingine akataka kujua wale waliofariki njiani walizikwa wapi. Historia niliyofundisha kwa kweli niliifundishia maegeshoni.

Siku moja lilikuja darasa kutoka pande za Doonside, mtaa wangu mwenyewe, na miongoni mwao alikuwa Neema, binti wa rafiki yangu Mama Furaha. Mama Furaha ni Mkongomani wa Uvira, anafanya kazi ya ghala kule Wetherill Park, na kanisani kwetu ndiye mwenyekiti wa akina mama, cheo alichokipata kwa kutokea bila mtu kuthubutu kumuuliza. Neema alitembea kando ya Mzee Len mpaka karibu na basi, ndipo akamuuliza yeye amesafiri kwa ndege mpaka wapi.

Mzee Len akasema hajawahi kupanda ndege.

Watoto wote walisimama. Mimi pia. Miaka yote ile ya kufungua na kufunga injini, na hajawahi kuondoka ardhini hata mara moja. Neema akataka kujua kwa nini, naye akamjibu kwa upole kwamba anajua ndani ya ndege mna skrubu ngapi. Siri ya mtungi muulize kata, na kata yetu ilikuwa imeamua kunywa maji kwingine. Neema alifikiri, kisha akampa ushauri aliokuwa nao: mama yake aliogopa pia walipokuja kutoka kambi ya wakimbizi, lakini unafumba macho pale mwanzo tu, halafu wanakuletea juisi.

Mzee Len alimshukuru kwa dhati. Alimpa ribiti abaki nayo, jambo ambalo haliruhusiwi.

Karibu na wakati huo tukaletewa meneja mpya wa elimu, Bronwyn, mnayemfahamu. Alikuwa kijana, mchapakazi, na alikuja na ratiba. Shule mbili kwa asubuhi moja, zikipishana bila pengo. Kwenye ratiba hiyo hapakuwa na kokoto. Aliniita akanionyesha kwa rangi nyekundu dakika nilizokuwa nikizimwaga maegeshoni, akaniomba niwaage wageni mlangoni. Nilimwelewa, kusema kweli. Kengele ni kengele. Nikajaribu. Nilisimama mlangoni kama mtu anayesubiri posta, watoto wakaenda wakigeuka nyuma, na juma la pili nikajikuta tena maegeshoni, miguu ikiwa imeamua bila mimi. Nikapewa onyo, kisha la pili. Aliniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba la tatu litanihamishia kwenye duka la zawadi, nikauze sumaku za friji.

Hapo ndipo habari ya Mzee Len ilipoingia. Jumanne moja nilimkuta ameketi peke yake ndani ya ndege yetu, kiti cha dirishani, mikanda ameifunga. Binti yake wa pekee, Karen, anaishi Perth, upande wa pili kabisa wa nchi hii. Moyo wake ulikuwa na hitilafu waliyoijua zamani, ila sasa imezidi ghafla, na Ijumaa wangempasua. Mzee Len alizoea kwenda kwake kwa treni, siku kadhaa za kutazama nyika, na treni ya juma hilo ilikuwa imeshaondoka. Mkwewe alikuwa amemkatia tiketi ya ndege ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Aliniambia amekaa pale tangu alipofungua banda, anajaribu.

"Na?" nikamuuliza.

"Hii haina hata injini," akasema, "na bado siwezi kuiachia mikono ya kiti."

Aliniambia anaogopa atafika mlangoni mwa ndege atageuka, kisha Karen ataingia chumba cha upasuaji bila kumwona, na kama hatatoka, yeye atakuwa amekaa Sydney, salama. Nilimhurumia. Mganga hajigangi. Nikamwambia nitamsindikiza. Alikubali haraka, akidhani nina maana ya kumshusha nje ya uwanja wa ndege na kumtakia heri.

Kosa nililofanya ni la kwetu sisi tu, na mngelifanya pia. Mimi siendeshi gari, kwa hiyo nilimpigia simu Mama Furaha kuomba atupeleke. Akaniuliza kuna nini. Nikasema, mzee wa kazini kwetu, yule aliyempa Neema ribiti, anasafiri, mtoto wake anafanyiwa operesheni. Nilidhani nimetoa maelezo. Kumbe nimetoa tangazo.

Alhamisi tulipoingia uwanjani na Mzee Len, watu wasiopungua kumi walikuwa wamesimama chini ya ubao wa safari. Manesi wa Westmead walikuwa wametoka zamu ya usiku, bado na sare zao. Vijana wawili wa ghalani walikuja na vizibao vyao vya rangi ya machungwa. Kulikuwa na chupa mbili kubwa za chai, sufuria ya chapati iliyofungwa kwa kanga, na Neema na sare ya shule, akiwa ameandikiwa ruhusa ya kuchelewa kwa sababu za kifamilia. Mzee Len aliniangalia. Akauliza kama kuna mtu maarufu anayesafiri leo.

"Ni wewe," nikamwambia.

Mnajua kwamba kwa safari za ndani ya nchi hii asiye na tiketi anaruhusiwa kukaguliwa na kuingia mpaka pale abiria wanapopandia. Wenyeji wengi hawaitumii ruhusa hiyo. Sisi tuliitumia kana kwamba ilitungwa kwa ajili yetu. Mkaguzi alipouliza ni nani kati yetu anayesafiri, mikono yote ilimwonyesha mzee mmoja mrefu mwenye sweta, naye akaonekana kama mtu aliyetajwa mahakamani. Sufuria ilipitishwa kwenye mashine. Ilitoka upande wa pili, mkaguzi akaitazama kwa muda, akaturuhusu.

Tulimkalisha. Tulimnywesha chai. Nesi mmoja, Wambo, alimshika kiganja bila kumwomba, akamhesabia mapigo ya moyo, akamwita babu kwa Kikuyu, akasema, "Guka, pulse yako iko juu kidogo but si mbaya. Breathe tu pole pole, tuko hapa." Neema alimkumbusha habari ya juisi. Walipotangaza kwamba abiria waanze kupanda, Mama Furaha aliinuka, akapanga kizibao chake cha kazi kama joho, na akasema tutaomba.

Aliomba kwa sauti ya ghalani, ile inayosikika juu ya mashine, akichanganya Kifaransa kama watu wa kwao.

"Ee Mungu Baba, shika hii avion na mikono yako yote mbili. Shika pilote asilale. Shika ma-vis, skrubu yote, moja moja, ile mzee anaogopaka. Na kule Perth shika mikono ya docteur, na moyo ya ule mtoto, Baba, sababu ni moja tu eko naye."

Abiria wengine walikuwa na namna zao. Wengine waliinamisha vichwa. Wawili walihamia viti vya mbali. Bwana mmoja mwenye kompyuta alimfuata mhudumu kumuuliza kwa unyenyekevu kama kuna jambo kuhusu ndege hiyo ambalo hawakuambiwa.

Mzee Len alisimama, akaenda na tiketi yake mpaka kwenye ile mashine ya kusoma tiketi, na pale, kama alivyosema, akasimama. Akageuka. Niliuona uso wake na nilijua anarudi. Lakini nyuma yake tulikuwa sisi, wote, tumeinua mikono tunapunga, sufuria ikiwa wazi, Neema akimwonyesha kwa vidole viwili namna ya kufumba macho. Alitutazama kwa muda ambao mhudumu aliuona mrefu. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi, akaingia.

Hatukuondoka. Mtu hajasindikizwa mpaka ameonekana akienda. Tulibaki kwenye kioo mpaka ndege ikakokotwa, ikakimbia, ikapanda, ikawa nukta, ndipo tukala zilizobaki. Nililia, na Wambo naye, ingawa yeye alisingizia usingizi. Baada ya zaidi ya saa tano, simu yangu ililia. Ujumbe ulikuwa mfupi: juisi imekuja. Ulichelewa tu kwa sababu juu angani simu haina mtandao, naye hakulijua hilo.

Siku hiyo nilifika kazini mchana. Shule ilikuwa imenisubiri, Bronwyn alikuwa amejaribu kutoa mngurumo wa injini mwenyewe, na inasemekana haukufanana. Onyo la tatu lilikuwa tayari mezani. Jumatatu nikaanza duka la zawadi. Nawaambia kwa uzoefu kwamba sumaku ya friji haiulizi chochote.

Karen alipona. Baba yake alimwona kabla hajaingizwa, na alikuwepo alipofumbua macho. Mzee Len alikaa huko majuma kadhaa, akarudi, na asubuhi aliyorudi alipita dukani kwangu akiwa na vumbi la safari, akaenda moja kwa moja kwa Bronwyn. Nilimfuata, maana duka halikuwa na mteja. Bronwyn alimpongeza kwa kushinda hofu yake. Akamuuliza kurudi kulikuwaje.

"Nimerudi kwa treni," akasema Mzee Len.

Bronwyn hakuelewa. Akamweleza. Kule Perth binti bado alikuwa kitandani, na mkwewe, mtu mwema kabisa, alimshusha nje ya uwanja, akamtolea begi, akamtakia safari njema, akaondoa gari kwa sababu pale hapasimamwi. Mzee Len aliingia akafika mlangoni mwa ndege. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Kwa hiyo nikaondoka," akasema. "Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Wakati wa kwenda, kupita mbele ya wale watu nikirudi nyumbani kungekuwa kugumu kuliko kupanda. Sikuwa jasiri, Bronwyn. Niliona aibu. Sasa mwache huyu mama atembee na watoto mpaka kwenye basi."

Bronwyn alikunywa kahawa yake. Akauliza njia ya kokoto inachukua dakika ngapi ukienda na watoto wadogo. Sitasema alilia, kwa sababu hakulia, ila ratiba iliyofuata ilikuwa na nafasi mpya kati ya shule na shule, na kwenye mwongozo wenu, ukurasa wenye rangi ya kijani, mtaikuta imepewa jina: Kuondoka kwa Utaratibu. Ina malengo manne na namna ya kuyapima. Mimi nilirudishwa kwenye vipindi, na nikatumwa kwenye semina kujifunza jinsi ya kuwasindikiza watu. Nilipata cheti.

Ndiyo maana siku ile ya keki, familia iliporudi kwenye kompyuta zake, sikushangaa kumwona Mzee Len mlangoni na fimbo yake. Tulipita kokoto, tukapita geti, tukafika kituo cha basi. Hapo nikaona amechoka, na mtu mzima aliyekusindikiza humwachi arudi peke yake, kwa hiyo nikamsindikiza mpaka getini. Getini akasema haiwezekani niende peke yangu siku kama ile, tukarudi kituoni. Basi moja lilitupita tukiwa njiani, la pili likatukuta getini tukibishana. Mnajua wenyewe, kusindikizana kwetu hakuna kikomo.

La tatu lilipotokea mbali, aliniambia Karen amealika watu kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa, na kwamba ameshakata tiketi, ya ndege, Alhamisi ijayo. Alilisema huku akitazama fimbo. Sikumuuliza kama anataka kusindikizwa. Nilimuuliza saa tu, kisha nikatoa simu kumpigia Mama Furaha.